Aliyekaa Kichwani pa Lesieli

Mambo yote yaliharibika Jumamosi, tarehe 18 Julai 2015, kabla ya saa sita mchana. Mke wangu Lesieli alikuwa amekufa tangu Jumatatu, na kwa kufa kwake simlaumu mtu. Moyo ulimsimama akiwa anakunja nguo, basi. Lakini lile la Jumamosi lina wenyewe, na wenyewe wana majina, na mimi nitawataja.

Asubuhi hiyo barafu ilikuwa bado haijayeyuka kwenye majani ya Robinvale, mji wetu wa mizabibu huku Australia. Tulijaa katika ukumbi wa kanisa, kila mtu na nguo nyeusi, kila mtu na mkeka wa msiba kiunoni, ile mikuukuu iliyochanika pembe. Jeneza lilikuwa katikati, juu ya rundo la mikeka na vitambaa vya magome ambavyo ndugu walivileta kutoka Mildura na Griffith. Na kichwani pa jeneza palikuwa pametandikwa mkeka mmoja mweupe, laini, na juu yake hapakuwa na mtu.

Pale hukaa shangazi. Akifa mwanamke wa Kitonga, sisi wa visiwa vya Tonga, dada wa baba yake ndiye mkubwa wa msiba, na asipokuwepo, binti wa huyo dada. Hapiki, hatumiki, na kila kizuri kinacholetwa kinapita mbele yake kwanza. Siku ikifika, yeye ndiye anayesema "sasa basi", akawavua watu mikeka, matanga yakaanuliwa. Mchungaji hana sauti hapo. Mume ndiyo kabisa. Mimi nilikuwa nimeketi mlangoni, karibu na wapishi wa muhogo.

Shangazi mwenyewe, Bi Fatai, yuko kisiwani Ha'apai, huko kwetu Tonga, miguu imemshinda. Binti yake Vaimoana anaishi Sydney na alikuwa njiani. Simu ya binti yangu Pisila ikalia, na sauti ya Vaimoana nikaisikia hata mimi niliye mbali.

"Mwanangu, tumegonga kangaruu! Rejeta imepasuka. Tuko Balranald, kuna mkulima ananitafutia gari. Nisubirini. Umenisikia? Msifunike kitu mpaka nifike."

Balranald si mbali. Mtu akichelewa sana ni saa moja. Pisila akaenda kwa Mchungaji Lopeti.

"Mchungaji, Mama Vaimoana anaomba tumsubiri."

Mchungaji akatazama saa yake. "Watu wa halmashauri wanaondoka na katapila saa sita. Leo Jumamosi. Wakishaondoka, kaburi ni mpaka Jumatatu."

"Basi Jumatatu."

"Jumatatu watu wako kazini, binti yangu."

Na hapo akaingilia Kaveinga. Huyu Kaveinga ni mzee mkuu wa kanisa, na ndiye pia nyapara anayetupeleka kwenye mizabibu. Mtu mmoja, kofia mbili, na zote mbili amezivaa mpaka machoni.

"Jumatatu tuna shamba zima la kupogoa," akasema. "Marehemu mwenyewe alikuwa mchapakazi. Asingependa watu walale."

Mbele ya wakubwa hata wafu wana maoni, na maoni yao huwa sawasawa na ya wakubwa.

"Na pale kichwani?" Pisila akauliza.

"Patakaliwa."

Kaveinga akamshika mkono mke wa mchungaji, Mama Sela, akampitisha katikati ya watu mpaka kwenye ule mkeka mweupe. Walikuwa wameshapata undugu wa kumsingizia: bibi yake na babu wa Lesieli waliitana binamu. Undugu wa kutafuta kwa tochi. Mama Sela alikaa kama mtu aliyekalishwa juu ya jiko. Akapewa upepeo, akaanza kumpepea marehemu.

Jirani yangu, mzee Hakaumotu, aliniinamia sikioni. "Soakai, hawa wanafanya nini?"

"Waulize waliowapa vyeo."

Tukazika. Katapila ilikuwa inasawazisha mchanga wakati gari la kubebea kondoo lilipoingia makaburini, na Vaimoana akashuka. Alikuwa amevaa mkeka mwembamba, mzuri, wa mwenye cheo chake, na goti lake limechubuka. Alilitazama kaburi. Halafu akamtazama Mama Sela, ambaye alikuwa bado ameshika ule upepeo. Hakulia.

"Nani huyu?"

"Shemeji, tulibanwa na muda," Kaveinga akaanza.

"Sijakuuliza saa. Nimekuuliza mtu."

"Ni mke wa mchungaji. Alikushikia nafasi tu."

Vaimoana akacheka, kicheko kikavu. "Alinishikia! Kwani pale kichwani ni foleni ya posta? Haya. Mliyemkalisha ndiye atakayewavua."

Akarudi kwenye gari la kondoo. Hakunywa hata maji yetu.

Siku ya kumi tulikwenda kaburini kutandaza vijiwe vyeusi vilivyopakwa mafuta, kama inavyopasa. Baada ya hapo ndipo shangazi husema neno lake kwa ndugu, na mume naye hupangiwa siku yake, mwaka ukitimia. Watu wote wakamgeukia Mama Sela. Mama Sela akarudi nyuma.

"Mimi? Hapana jamani. Vaimoana atanila nyama. Mimi Kaveinga alinivuta mkono tu, ninyi nyote mliona."

"Sema tu 'basi', mama, watu waende," Kaveinga akamnong'oneza.

"Sema wewe basi, kama ni rahisi."

Hakusema. Mchungaji akaomba, sala ndefu ya kufunika aibu, tukarudi nyumbani na mikeka yetu. Kisha watu wakaanza kuivua kimyakimya. Mmoja akasema kazini wamekataa. Mwingine akasema ana mechi ya raga. Dada mmoja wa Griffith akasema mtoto amemtapikia mkeka wake, ikawa ndiyo sababu. Mizabibu ilipochipua, aliyebaki na mkeka wa msiba wa Lesieli duniani kote nilikuwa mimi peke yangu.

Wanaouliza kwa nini sikujivua ni wengi, hasa vijana. Mkeka wa msiba si shati. Huo unavuliwa na mwenye haki. Mgane akijivua mwenyewe, amesema kwa mikono yake kwamba amemalizana na mkewe, amemmwaga kama maji ya kuoshea vyombo. Miaka thelathini Lesieli alinipikia, alinitukana, alinicheka, alinifunga vidonda. Simmwagi.

Basi nikaanza kuishi ndani ya kile kitu. Kazini kilikuwa kinanasa kwenye nyaya za mizabibu. Siku moja nilinasa mpaka nikaning'inia upande, mkasi mkononi, na vijana wakaja kunikwamua wakicheka mpaka wakakaa chini.

"Mzee Soakai kaiva, mchumeni!" mmoja akapiga kelele.

Kaveinga akaja na buti zake. "Kaka, toa hilo jamvi. Utaniletea balaa hapa na wenye shamba."

"Nivue."

"Nini?"

"Nivue wewe. Si ndiwe uliyechagua mtu wa kukaa pale?"

Kaveinga akatazama mstari wa mizabibu kama mtu anayetafuta mwisho wake. "Pogoa," akasema. "Kelele baadaye."

Nikawa naukunja mara mbili, naufunga kwa kamba, navaa koti juu yake. Nyama ya kiunoni ikapata sugu.

Kwenye kava, kile kinywaji chetu cha mizizi, napo pakawa pagumu. Ijumaa wanaume hukaa mduara, bakuli katikati, nyimbo za mapenzi na magitaa. Mtu wa msiba akiingia, nyimbo hizo hazifai. Mara ya kwanza waliimba tenzi kwa ajili yangu. Mara ya pili wakakohoa. Baadaye nikisikia magitaa yananyamaza nikiwa bado nje nimevua viatu, navaa viatu naondoka. Hakaumotu alikuwa ananifuata na kifuu kimoja cha kava mpaka kwenye uzio.

"Kunywa, bwana. Usinuse tu kama mbwa wa jirani."

Nilikuwa nakunywa nimesimama, namrudishia kifuu. Kwenye karamu hivyohivyo, sahani inaletwa uani. Nywele sikukata, ndevu sikunyoa. Watoto wa shule ya Jumapili wakawa wanakimbia wakiniona, na mama zao hawawakatazi.

Januari mkutano mkuu wa kanisa ukamhamisha Mchungaji Lopeti kwenda New Zealand. Wakubwa wakikosea wanahamishwa, wadogo wanabaki na kosa. Wakamfanyia karamu ya kumuaga, nguruwe na viazi vikuu mpaka meza zikapinda. Mimi nilikuwa kwenye uzio. Mama Sela akaja na sahani ya majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui na nyama, kile chakula alichokuwa anakipenda Lesieli.

"Nisamehe, mzee wangu."

"Neno moja, mama. Kabla hujapanda ndege. Sema 'basi', nami nitajua la kufanya."

Machozi yakamtoka. "Sina hilo neno, Soakai. Nikilisema litakuwa la uongo, na litakudhuru wewe."

Akaiacha sahani juu ya nguzo. Wakaondoka. Na ule mkeka mweupe wa kichwani uliondoka nao, umekunjwa vizuri ndani ya mizigo yao, kwa sababu aliyekaa pale ndiye mwenye nao.

Akaja mchungaji mpya, Salesi, kijana aliyesomea Melbourne. Nikamwendea.

"Baba," akaniambia, "Biblia haijataja mikeka."

"Imetaja magunia na majivu. Wale nani aliwavua?"

Akacheka vizuri, akaniwekea mkono begani. "Nitakuombea."

Mwaka wa Lesieli ukatimia. Siku yangu ya kuvuliwa ilifika, nikakaa sebuleni tangu asubuhi nimeoga, na hakuna aliyebisha hodi. Mwezi ule ule Pisila akaniambia anaolewa Oktoba. Kijana anaitwa Kalafi, wa Mildura, Mtonga mwenzetu, mpole, anafanya kazi kwenye mashamba ya lozi. Nilimpenda. Pisila alikuwa anapiga pasi, hanitazami.

"Nataka uingie na mimi kanisani, baba. Mama hayupo. Nikiingia peke yangu nitaanguka."

"Na hiki?" Nikaupiga mkeka kwa kiganja, vumbi likatoka.

"Ukitoe."

"Wewe unajua siwezi."

"Baba, ni mkeka! Ni majani! Mama mwenyewe angekuwa hapa angeuchoma na taka za jikoni."

"Angekuwa hapa nisingeuvaa."

Akaiweka pasi chini. "Mama yake Kalafi ameshasema. Anakuheshimu, lakini mkeka wa maiti usipite mbele ya mwanawe siku ya harusi. Akiuona mlangoni, anaondoka na watu wake. Sasa mimi nifanyeje? Nikuache nje kama baiskeli?"

Mtu wa msiba haingii harusini, hilo hata mimi ningemwambia mwingine. Nikaona wazi kwamba nisipovuliwa kabla ya Oktoba, mwanangu wa pekee ataolewa mimi nikiwa nje, na hiyo siku haitarudiwa.

"Nipeleke Sydney," nikamwambia.

Vaimoana anatunza wazee wa Kizungu katika nyumba yao ya kutunzia wazee. Alitupokea jikoni, bado amevaa sare ya kazini. Alipouona mkeka, alivuta kiti akakaa.

"Bado?" akauliza.

"Bado, shemeji."

"Nilidhani ninyi watu wa Robinvale mna mikono myepesi. Mlipozika mlikuwa na haraka."

"Sikuzika mimi. Mimi nilikuwa mlangoni."

"Najua ulikuwa wapi." Alimimina chai. Mikono yake haikuwa na hasira, macho tu. "Unataka nini?"

Pisila akapiga magoti kwenye sakafu ya plastiki. "Mama, mvue baba yangu. Naolewa. Sitaki kitu kingine cha harusi, usilete hata kitambaa. Mvue tu."

Vaimoana akamshika mtoto yule mkono. "Inuka, utachafua magoti. Tumuulize mama. Yeye ndiye mkubwa, mimi ni kivuli chake."

Akapiga simu Ha'apai, ya picha. Uso wa Bi Fatai ukajaa kwenye kioo, paji la uso na jicho moja. Mjukuu mmoja alikuwa anamshikia simu na anaisogeza hovyo.

"Mama! Ni Soakai huyu! Mume wa Lesieli!"

"Nani huyo mwenye manywele?"

"Soakai, mama!"

"Aaa, Soakai. Umezeeka, mwanangu, kama mbuzi." Akacheka, hana meno. "Lesieli hajambo?"

Vaimoana akafunika simu kwa kiganja, akaninong'oneza, "Nimemwambia. Nimemwambia kila mara. Analia siku moja, kesho amesahau. Siwezi kumuua mpwa wake kila wiki."

Sauti ikaendelea chini ya kiganja. "Mbona hamjibu? Lesieli hajambo?"

Vaimoana akaondoa mkono. Mwanamke mwenye haki kuliko wote alikuwa ananitazama kwa jicho moja, anangoja.

"Hajambo, shangazi," nikasema.

"Mwambie aje kabla sijafa. Na wewe mbona umevaa hivyo? Nani kafa?"

Simu ilikatika, au Vaimoana aliikata, sijui. Pisila alikuwa ametoka nje kwenda kusimama karibu na mapipa ya taka.

"Umeona," Vaimoana akasema. "Kwake hakuna msiba. Nimebaki mimi. Sasa nisikilize, shemeji, sikufanyii ukatili. Nikikuvua leo, nitakuwa nimesema mimi ndiye niliyewavika. Nitakuwa nimesema yule mwanamke alikaa kwa ruhusa yangu, na kila mkubwa wa kanisa kesho atamkalisha mkewe kichwani pa maiti za watu. Hapana. Kwanza aondolewe pale. Sisemi mfukue. Kwa mdomo. Mtu asimame kanisani Robinvale aseme: Jumamosi ile, kichwani pa Lesieli hapakuwa na mtu. Akisema Kaveinga ni vizuri zaidi. Akikataa, sema wewe, mradi yeye asikie na asipinge. Siku utakayonipigia kuniambia limesemwa, naingia kwenye gari."

"Hilo tu?"

"Hilo tu." Akacheka kidogo. "Unaliona dogo?"

Nililiona dogo. Njia nzima nilikuwa najaribu maneno, na Pisila akaanza hata kuimba.

Kaveinga nilimkuta anaosha gari lake. Alinisikiliza mpaka mwisho, mpira wa maji unamwagika bure kwenye majani.

"Unajua unachoomba?" akasema. "Kama hapakuwa na mtu pale, basi tulimzika mkeo kama mtu asiye na kwao. Mimi, mchungaji, kanisa zima. Unataka watu waambiwe hivyo?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Ndivyo ilivyokuwa kwako. Mimi nilikuwa na watu mia mbili wenye njaa, katapila, na mchungaji anayetazama saa. Nani alinisaidia? Wewe ulisema nini siku ile?"

"Mume hana sauti."

"Basi endelea kutokuwa nayo." Akafunga maji. "Harusi ya Pisila iko kwenye kanisa hilohilo, ukumbi huohuo. Usimharibie mtoto."

Hivyo ndivyo wanavyosema wakiwa wameharibu wao.

Jumapili, baada ya mahubiri, Mchungaji Salesi aliuliza kama kuna mwenye ushuhuda. Nikainuka nyuma kabisa, karibu na mlango. "Ndugu zangu," nikasema, "Jumamosi ile ya mazishi ya mke wangu..."

Kaveinga alikuwa kwenye kiti cha mbele. Hakugeuka. Aliinua mkono na kuanzisha tenzi.

Asiyewahi kukaa katika kanisa letu hawezi kujua. Mmoja akianza, sauti ya pili inaingia yenyewe, ya tatu, halafu wanaume wa besi kama ng'ombe waliofungiwa, na madirisha yanatetemeka. Nilifungua mdomo, sikujisikia hata mwenyewe. Nilipaza. Niliona wanawake wananitazama kwa huruma huku midomo yao inaimba. Ubeti ukaisha, nikavuta pumzi, wakaingia ubeti wa pili.

Jumapili iliyofuata, vilevile. Na iliyofuata. Nikianza na "ndugu zangu" tu, mkono wa Kaveinga huo juu. Hakaumotu naye aliimba, besi ya chini kabisa. Nje nilimkamata shati.

"Hata wewe?"

"Wimbo ukianza, Soakai, koo linakwenda lenyewe. Nisamehe. Nilizaliwa ndani yake."

"Na nikinyamaza nitazikwa ndani yake."

Alinitengeneza kamba ya mkeka iliyolegea, polepole, kama mtu anayemfunga mgonjwa, akaenda nyumbani kula.

Nilimfuata Mchungaji Salesi nyumbani kwake, nikamwambia anipe dakika moja, azuie wimbo. Alikuna kichwa. "Baba, mimi siwezi kuwazuia watu wasimwimbie Mungu." Ana vyeti ukutani, huyo.

Oktoba ikafika. Ndoa ilifungwa, ndiyo, nisimwache mtu na wasiwasi. Niliisikilizia nje, nimesimama chini ya dirisha la upande wa jua, na nilisikia mwanangu anaitika kwa sauti yake iliyo kama ya mama yake. Kilichotokea kabla hajaingia ndicho ninachotaka kijulikane.

Gari la bi harusi lilisimama getini. Pisila akashuka, kavaa vitambaa vya magome na mikeka mizuri tabaka kwa tabaka mpaka hawezi kuinua mikono, amepakwa mafuta mabega yanang'aa. Nilikuwa kwenye uzio, nimeoga, nimechana nywele, na hicho kitu kiunoni. Mlangoni pa kanisa alisimama Kaveinga na tai yake. Nyuma yake, ndani, mama yake Kalafi alikuwa ameshaanza kunyanyuka kunichungulia. Kwaya ilikuwa imepangwa nje kwenye ngazi kumpokea bi harusi. Na ng'ambo ya barabara, karibu na gari lake, alisimama Vaimoana kutoka Sydney. Alikuwa amevaa mkeka mwembamba wa cheo chake. Alikuja bila kupigiwa simu, na hakuvuka barabara, alikuwa bado anangoja lile neno lisemwe.

Pisila akaja kwangu kwenye uzio. "Baba, twende."

"Siwezi, mama. Nenda. Nitakuwa dirishani, nitasikia kila kitu."

"Sitaki usikie. Nataka uwepo."

"Mkwe wako ataondoka."

Hakulia, walikuwa wamempamba sana. Akageuka. Aliwatazama wote waliokuwa kwenye ngazi, halafu akatazama ng'ambo ya barabara, na watu wakaona kwamba anataka kusema. Kaveinga akauinua mkono wake, kama kawaida yake, kuanzisha tenzi. Akaimba neno la kwanza peke yake. Hakaumotu akatazama chini, mdomo umefungwa, na shingo yake ilikuwa imevimba kwa kuuzuia. Wanawake hawakuingia. Neno la Kaveinga likabaki hewani peke yake, likafa, na mkono ukashuka taratibu.

Kwa mara ya kwanza palikuwa na kimya cha kutosha. Vaimoana alikuwa anamtazama Kaveinga. Kaveinga alikuwa anatazama viatu vyake. Mchungaji Salesi alifunika kitabu chake. Na Pisila, kwa sauti ambayo nadhani hata makaburini ilifika, akawauliza kile ambacho mpaka leo ninapoandika, nimekaa na mkeka uleule, hakuna hata mmoja wao aliyekijibu:

"Katika ninyi nyote mliojipa haki ya kumzika mama yangu, nani ana haki ya kumvua baba yangu?"